Dereva wa Gari la Njano

Gari la njano liliingia konani kwa kasi ambayo Mzee Mwinyimvua, kama angekuwa kwenye kiti cha abiria, angeshika dashibodi kwa mikono miwili na kuanza kuomba toba. Likafunga breki palepale palipostahili, likaubana ukingo wa ndani bila kuugusa, na lilipotokea upande wa pili lilikuwa limeshalipita gari jekundu lililokuwa likilizibia njia tangu mwanzo. Hakuna aliyegongwa. Mwinyimvua akasimamisha picha, akairudisha nyuma, akaitazama upya huku chai yake ikipoa juu ya kaunta.

"Anajua huyu," akasema peke yake katikati ya majora ya vitenge. "Awe yeyote yule, anajua."

Kazi yenyewe ilikuwa hapo hasa: ni nani?

Mwinyimvua alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi na kurudi Ifakara kuuza nguo kama baba yake na babu yake. Alidhani ameshaagana na uongo wa watu. Alichosahau ni kwamba ana mpwa. Jihan, binti wa dada yake, aliishi Dar es Salaam, na ndiye mwanzilishi na mwamuzi mkuu wa Ligi ya Usukani, ligi ya mbio za magari za kwenye kompyuta ambamo kila mtu huendesha akiwa nyumbani kwake na wote hukutana barabarani kwa mtandao. Mwanzoni mzee aliyaita mambo ya watoto. Kisha Jihan akamweleza jinsi mtu anavyoingia, na mzee akaacha kuyaita hivyo.

Maana haingii kila mpita njia. Mwombaji hudhaminiwa na mwanachama, huhojiwa, halafu huendesha mbio tatu za majaribio mbele ya waamuzi. Akimgonga mwenzake kwa uzembe, ameishia hapo. Akipata nafasi kwa kumsukuma mtu, anatakiwa apunguze mwendo airudishe. Vile vidude vya vitufe vya kushika mikononi haviruhusiwi. Lazima usukani wa mezani na pedali za chini, kama gari la kweli. Na kila kiti kina jina moja, la mtu mmoja. Mwinyimvua alikuwa amefanya kazi katika ofisi zenye bendera na mihuri ambazo hazikuwa na nusu ya nidhamu hiyo.

Simu ikaita. Alikuwa Jihan.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimeitazama."

"Unaonaje?"

"Naona dereva mzuri. Hebu nieleze tena, kosa lake nini?"

"Kosa bado, kuna malalamiko. Ignas Libenanga wa Kivukoni, hapo kwenu, amemaliza majaribio yote bila doa, na kiti kilichobaki ni kimoja. Sasa kuna Clinton, yuko hapohapo Ifakara. Ameniandikia kwamba Ignas alipata ajali ya pikipiki barabara ya Lupiro, na miguu yake haisogei kabisa. Nimeuliza huku na huku, ni kweli. Mjomba, breki inakanyagwa na nani?"

"Hamkumwona kwenye kamera?"

"Tulimwona. Sura yake, mikono yake miwili kwenye usukani. Kamera haishuki chini ya meza."

"Na ikiwa yupo mtu mwingine?"

"Kuendeshewa ni kufukuzwa, na ukifukuzwa hutarudi tena. Kiti anapewa anayefuata kwenye foleni." Jihan akasita. "Msimu unaanza Jumamosi. Nataka jibu leo, mjomba, na nalitaka la kweli hata kama litaniuma. Huyu kijana kwenye jaribio la pili alimgusa mwenzake kidogo tu, mwamuzi hata hakuona. Akasogea pembeni mwenyewe, akamsubiri mwenzake ampite. Watu wa namna hiyo siwapati kirahisi."

"Anayefuata kwenye foleni ni nani?"

"Clinton."

Mwinyimvua alikunywa chai yake iliyokwisha kupoa. "Kuna sauti kwenye rekodi," akasema. "Ko. Halafu ko-ko."

"Tulidhani jirani yake anapigilia misumari."

"Jirani gani huyo anayepigilia msumari kila gari likikaribia kona?"

Mwinyimvua akakata simu, akafunga duka.

Clinton alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya soko, chenye viti vya plastiki na skrini zilizopangwa ukutani. Alimwamkia mzee, akamfutia kiti vumbi, akazima muziki. Mwinyimvua aliyatia yote akilini bila kuyapa uzito, kwa sababu katika kazi yake alikwisha kukutana na waongo wenye adabu za kupigiwa mfano.

"Wewe ndiye uliyelalamika."

"Ndiyo mzee. Na jina langu niliweka, sikujificha."

"Na Ignas akitoka, unaingia wewe."

"Najua inavyoonekana." Clinton alijikuna shingo. "Mzee, yule mwana mimi namkubali kinoma. Kabla ya ajali alikuwa anakuja hapahapa, na alikuwa ananifunga kila siku, sikufichi. Lakini na mimi nimefanya majaribio yangu. Nimetoka jasho. Kama yeye kapita kwa miguu ya mtu mwingine, hiyo si haki."

"Miguu ya nani?"

"Beatus wa bodaboda. Zamani alikuwa anaendesha malori ya miwa. Siku za mbio pikipiki yake unaikuta nje kwa Ignas. Uliza mtu yeyote Kivukoni."

"Umewahi kumkuta ndani?"

"Ndani sijaingia. Toka aumie, Ignas hataki kutembelewa."

Mwinyimvua aliondoka na jina la Beatus, na kwa muda lilimkaa vizuri kichwani. Dereva wa malori, mzoefu, yupo siku za mbio: mpelelezi mvivu angeishia hapo na kwenda kulala. Alikuwa anapiga kiki pikipiki yake alipokumbuka jambo lililomfanya acheke kwa sauti mbele ya watu. Siku ya jaribio la pili Beatus alikuwa amempakia yeye, Mwinyimvua mwenyewe, kumpeleka msibani Sanje, na waliishiwa mafuta njiani wakasukuma pikipiki juani huku wakilaumiana. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kugeuka shahidi wa utetezi kwenye upelelezi wake mwenyewe.

Hata hivyo alipita kijiweni kumuuliza. Utaratibu ni utaratibu.

"Kwa Ignas unapeleka nini?"

"Barafu, mzee," alisema Beatus. "Ya samaki wa Balbina, dada yake. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Siku nyingine angalia tangi kabla hujapakia mtu."

Nyumba ya Ignas ilikuwa ya matofali ya kuchoma, karibu na mto, mahali ambapo zamani watu walisubiri kuvushwa kabla daraja halijajengwa. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani akipara magamba ya perege. Alipomwona mgeni alifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bila shaka wewe ni Balbina."

"Ndiye mimi. Karibu." Kisha akageukia mlangoni. "Ignas! Una mgeni!"

Alipaza sauti kuliko nyumba ilivyohitaji. Mwinyimvua akaliweka hilo pamoja na mengine.

Ndani, Ignas alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya meza nzito ya mbao, akitengeneza simu ya mtu. Upande mmoja wa meza kulikuwa na vifaa vyake vya ufundi, upande wa pili skrini, spika mbili za zamani, na usukani uliofungwa kwa skrubu ukingoni, umeinama kiasi kwamba vidole vya anayeushika vinagusa mbao. Alikuwa kijana wa mabega mapana, nywele zimekatwa vizuri, na macho yasiyokwepa.

"Shikamoo mzee. Umetumwa na ligi."

"Marahaba. Nimetumwa. Jina langu Mwinyimvua. Naomba nitazame mahali unapoendeshea."

"Tazama."

Mzee alipiga magoti, na magoti yake yakalalamika yote mawili. Chini ya meza aliziona pedali, zimefungwa kwenye ubao, na ubao umepigiliwa sakafuni. Akazitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama pedali. Hazikuelekea kwenye kiti cha Ignas. Zilielekea ukutani. Kati ya pedali na ukuta kulikuwa na nafasi ndogo, na hapo palikunjwa kipande cha mkeka, na juu yake mto uliobonyea. Kwenye pedali ya breki lilikuwa limegandia gamba moja la samaki, limekauka, linang'aa.

"Mbona pedali umezigeuza?"

"Nazisukuma kwa fimbo." Ignas alivuta fimbo iliyokuwa imeegemezwa mezani. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo, na alilijibu haraka kidogo kuliko inavyofaa. "Zikikaa hivyo fimbo inafika vizuri."

"Nionyeshe."

Ignas akawasha. Barabara ikatokea kwenye skrini, na gari la njano likiwa limesimama juu yake. Akashika usukani kwa mkono wa kushoto, fimbo kwa mkono wa kulia, akaondoka. Gari lilikwenda kwa mishtuko. Kwenye kona ya kwanza lilipitiliza moja kwa moja mpaka ukutani. Akarudia, likaishia kwenye majani. Mara ya tatu hata kona halikuifikia.

"Leo mkono haujachangamka," alisema Ignas.

"Kijana, kwenye kamera mikono yako yote miwili iko kwenye usukani. Fimbo ulikuwa umeishika kwa meno?"

Ignas aliiweka fimbo mezani polepole. Aibu ilimwingia, lakini macho bado hayakukwepa. "Nimeendesha mimi, mzee."

"Sijasema hukuendesha."

Mwinyimvua akatoka nje. Alikuwa na mto wa kukalia, gamba la samaki na mwanamke anayepaza sauti, na kwa mtu wa kazi yake hivyo vilitosha kumjua aliyekaa chini ya meza. Kilichomsumbua ni jinsi gani. Aliyekaa pale ameipa skrini mgongo, na juu ya kichwa chake kuna ubao wa meza. Haoni kona. Haoni gari. Atajuaje wapi pa kufunga breki, tena kwa ustadi ule?

Alisimama ukingoni mwa mto. Mtumbwi ulikuwa unakuja kutoka ng'ambo, umesheheni matete, na juu ya matete nyavu. Yule wa nyuma alikuwa na kafi, wa mbele alisukuma kwa upondo, mti mrefu unaofika chini ya maji, na kati yao mzigo ulikuwa umepanda kiasi kwamba hawawezi kuonana. Walipokaribia gogo lililozama, wa nyuma, ambaye ndiye anayeongoza, alichungulia pembeni akagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi. Ko. Wa mbele akashikilia upondo, mtumbwi ukatulia, ukalizunguka gogo. Ko-ko. Wa mbele akasukuma.

Mwinyimvua alizaliwa Ifakara. Alivuka mto huu utoto wake wote, amekaa juu ya magunia, na sauti hiyo ilikuwa masikioni mwake kila safari. Hakuwahi kuisikiliza hata mara moja. Alijiita jina ambalo hapa halifai kuandikwa, kisha akarudi barazani.

Alikaa kwenye benchi la mbao mkabala na Balbina. Akamuuliza habari za samaki, akajibiwa. Akauliza bei ya barafu imekuwaje, akajibiwa. Balbina alikuwa ameshika perege kwa mkono wa kushoto na kisu kwa mkono wa kulia, na kazi ilikuwa inakwenda. Katikati ya maneno, bila kumtazama, Mwinyimvua aligonga benchi kwa kifundo cha kidole. Mara moja.

Mkono wa kulia wa Balbina ukanyanyuka hewani. Wa kushoto ukamkandamiza samaki mpaka macho yakamtoka.

Mzee akagonga mara mbili. Mkono wa kulia ukashuka kwa nguvu, wa kushoto ukaachia, na perege akateleza akaanguka mavumbini.

Wote wawili walimtazama samaki yule. Balbina ndiye aliyeelewa kwanza, na uso wake ukabadilika.

"Unaendesha vizuri sana," Mwinyimvua akamwambia, na alikuwa anasema kweli tupu.

"Mzee, usimfukuzishe." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Ni mimi niliyesema tufanye hivi. Yeye alikuwa ameshaacha."

"Twende ndani. Mseme wote wawili, mimi nisikie mara moja."

Walisema. Baba yao, marehemu Pantaleo, alikuwa mvushaji, na tangu Ignas akiwa mdogo walikuwa wakimsaidia mtumbwini, Ignas nyuma na kafi, Balbina mbele na upondo, mzigo katikati. Baada ya ajali Ignas alijaribu kile kidude cha vitufe, akakiweza, kisha akasoma masharti ya ligi akakuta hakitakiwi. Akafunga kompyuta, akaifunika kwa kitambaa. Siku moja Balbina akakifunua kitambaa, akaingia chini ya meza, akasema: haya, nigongee.

"Ilituchukua masika nzima," alisema Ignas. "Mwanzoni tulikuwa tunagombana mpaka majirani wanakuja kuamua."

"Kugonga moja, breki. Mbili, mafuta," alisema Balbina. "Akikwaruza kwa kucha, nusunusu. Akikwaruza na kugonga, hapo napunguza kidogo halafu naachia. Ziko nyingi, mzee. Nyingine hatukuzipanga, zimekuja zenyewe."

"Kwa nini hamkusema?"

Ignas alikuwa wa kwanza kujibu. "Kwa sababu wangenipokea kwa kunionea huruma, au wangenikataa kwa upole. Toka nianguke, kila anayeingia humu anasema pole. Kule barabarani hakuna aliyenipa pole. Wananizibia njia kama wanavyomzibia mtu yeyote. Mzee, hicho ndicho ninachokitaka. Sina kingine ninachokitaka kama hicho."

"Na wewe?"

Balbina alifikiri. "Mimi nikiwa pale chini nasahau samaki," akasema, kisha akaona aibu kidogo, kana kwamba ameomba kitu kikubwa.

Mwinyimvua alikwisha kuwahoji wezi, mahakimu na wafanyabiashara wa mpunga, na si mara nyingi alitamani kesi imshinde. Lakini mpwa wake alitaka la kweli. Akampigia, akaweka simu mezani sauti wazi, akatoa taarifa kama alivyofundishwa kutoa: alichokiona, alikiona wapi, nani amesema nini. Hakupunguza wala hakuongeza. Alipomaliza, Jihan akaomba kusema na kijana mwenyewe.

"Ignas," akasema. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sikiliza. Naweza kukuruhusu utumie kidude cha vitufe, wewe peke yako. Ni ruhusa maalumu, ninayo mamlaka nayo. Kiti unakipata leo, jina lako, hakuna anayehojiwa tena."

Hilo lilikuwa limetoka moyoni, na lilikuwa jambo kubwa. Mwinyimvua aliwatazama. Balbina alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwamba akubali, akubali upesi. Akasogea hata mlangoni, kama anayempisha mtu apite.

"Hapana," alisema Ignas.

"Ignas!"

"Hapana, Balbina. Aliyeshinda yale majaribio si mimi." Akainamia simu. "Dada, asante. Lakini nikija peke yangu mtakuwa mmempokea mtu ambaye hamjawahi kumwona akiendesha. Kama haiwezekani, mpe Clinton kiti. Anajua kuendesha, na hakusema uongo."

Simuni ikasikika kompyuta ikiwashwa.

"Washeni," alisema Jihan. "Naingia na mimi. Mizunguko mitatu. Mjomba, simama mahali unapoona juu na chini ya meza, uniambie kila kitu."

Balbina alinawa mikono, akajipenyeza chini ya meza kwa wepesi wa mtu aliyezoea, akaegemea ukuta, akaweka viganja kwenye pedali. Akafumba macho. Ignas akashika usukani. Kwenye skrini, kando ya gari la njano, likatokea gari jeusi la Jihan.

Ko-ko.

Mwinyimvua alisimama pembeni ya meza na kuona kitu ambacho baadaye alishindwa kumsimulia mtu vizuri. Juu, kijana alitazama barabara na kidole chake kikizungumza na mbao kabla ya kila kona, mara kugonga, mara kukwaruza, huku viganja havitoki usukanini. Chini, mwanamke aliyefumba macho alisukuma na kuachia, kwa upole, kwa nguvu, kwa nusu. Hakukuwa na nafasi kati ya sauti na mkono. Gari lilikwenda kama la mtu mmoja mwenye akili mbili, na mzee alijikuta ameshika ukingo wa dirisha, anashangilia kimyakimya kwa umri wake ule.

Jihan hakuwahurumia. Aliwazibia, akawabana, akafunga breki mapema kuwatega. Mzunguko wa kwanza alikuwa mbele. Wa pili walimpita kwa nje, pembamba, bila kumgusa. Wa tatu akawafuata kwa karibu, na walipofika kona ya mwisho akafanya jambo ambalo lingemtoa mwanachama yeyote kwenye ligi: akakata ghafla kutoka kulia na kuingia mbele yao.

Ignas akazungusha usukani kwa nguvu zote, vidole vyake vyote vimekaza. Hakugonga. Hakuwa na kidole cha kugongea.

Gari la njano likafunga breki. Likainama, likapita nyuma ya gari jeusi kwa upana wa mkono, likanyooka.

Spika zikatulia. Jihan alikuwa anahema simuni.

"Nimewakatia makusudi," akasema. "Nani kafunga breki pale?"

"Mimi sikugonga," alisema Ignas. Alikuwa amegeuka anatazama chini ya meza, na uso wake ulikuwa na mshangao mtupu. "Balbina?"

"Nilisikia gari lake limeingia spika ya kulia ghafla," sauti ikajibu kutoka chini. "Karibu mno. Ningesubiri ugonge?"

"Mjomba?" Jihan aliuliza.

"Ni kama anavyosema. Nimeona kwa macho yangu. Kidole hakikusogea, mkono ulisogea."

"Haya." Jihan alivuta pumzi. "Sheria ya jina moja niliandika mimi, wakati nikidhani dereva ni mtu mmoja. Leo hii nawaambia wanachama wote kila kitu, Clinton wa kwanza, na asiyeridhika aje aendeshe na nyinyi kama nilivyofanya. Mlijificha, na kwa hilo Jumamosi mnaanza nyuma ya kila mtu. Mnaniudhi mkijificha. Lakini kiti ni chenu." Simuni vitufe vikaanza kulia. "Sasa naandika. Jina la kwanza nani?"

"Balbina," alisema Ignas kabla hajamaliza kuulizwa.

Mwinyimvua alitazama nje ya dirisha kwa muda, kwa sababu mtu mzima ana haki ya kutazama nje ya dirisha. Aliposikia mkeka ukikwaruza aligeuka. Balbina alikuwa ametoka chini ya meza na kusimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, khanga imejaa vumbi la sakafuni. Alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko.

"Ndiyo hii?" aliuliza, akiitazama skrini. "Ndiyo tuliyokimbia sasa hivi?"

"Hujawahi kuona?" Mwinyimvua alishangaa.

"Mimi ninachokiona ni magoti yake, mzee. Na mbio zikiisha, samaki wananisubiri."

Ignas akairudisha rekodi mpaka mwanzo, akaiachia. Gari la njano likaruka kutoka mstarini, miti ikaanza kufutika pande zote mbili, kona ya kwanza ikaja kama inawaangukia. Balbina akashika bega la Ignas.

"Hilo ndilo sisi?"

"Ndilo sisi."

"Tunakimbia hivi?" Alikuwa amerudi hatua nyuma. "Ignas, tunakimbia hivi na hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Mama yangu! Zima. Zima, tutakufa."

Ignas akapeleka mkono kuzima. Balbina akaudaka kabla haujafika, akaushikilia, macho yake hayajabanduka kwenye skrini.

"Acha," akasema. "Anza tena. Nataka kujiona."